Saa Ngumu ya Kompyuta Yako

Hotuba kwa vijana na mafundi wa kompyuta, Mwanga, Kigoma

Wazee wangu, shikamooni. Kaka zangu na dada zangu, habari za mchana. Na nyie wadogo zangu mliokaa chini kwa sababu viti vimekwisha, poleni.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchagua prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, kwa mtu anayetaka kuunda kompyuta yake mwenyewe ya kuchezea gemu na kufanyia kazi kadhaa kwa mpigo. Nimelikubali ombi hili kwa moyo wote kwa sababu kuna jambo linaniuma. Kila mwezi nafungua mezani kwangu mashine ambayo mtu ameidunduliza mwaka mzima, na nikitazama ndani naona pesa imekwenda pasipotakiwa. Mwenyewe si mzembe. Aliuliza, akaambiwa, akaamini. Dukani walimuuliza, "Una shilingi ngapi?" Hakuna aliyemuuliza, "Kompyuta yako itapata taabu saa ngapi?"

Hilo swali la pili ndilo nililokuja nalo leo.

Mwaka jana alinijia kijana wa Gungu. Mashine yake aliileta kwa bodaboda, ameizungushia blanketi, ameipakata kama mtoto mchanga. Anasema: "Kaka, viini kumi na vinne, nyuzi ishirini na nane, halafu gemu ya mpira inakwamakwama. Binamu yangu ana viini vinne tu na kwake inateleza." Alikuwa ameshasafisha virusi, ameshaweka Windows upya mara mbili, na alikuwa karibu kununua RAM nyingine, ile kumbukumbu ya muda ya mashine. Kwa wageni wa mambo haya: kiini ni mfanyakazi mmoja ndani ya prosesa, na uzi ni mstari mmoja wa kazi anaoushughulikia.

Ndani mlikuwa na Xeon E5-2680 v4. Hiyo ni prosesa ya seva iliyotoka mwaka 2016, kitu cha heshima kabisa kwa kazi iliyotengenezewa. Seva zikistaafishwa huko ng'ambo, prosesa hizi zinaingia sokoni kwa bei nafuu, zinafungwa kwenye mazabodi mpya, zile bodi kuu zinazoshika vifaa vyote, kutoka China, na mnunuzi akiona "14" kwenye karatasi anaona utajiri. Ya binamu yake ilikuwa Core i3-12100F, ya mwaka 2022, viini 4 na nyuzi 8.

Nikamfungulia gemu yake, nikaipunguza, nikafungua ule ukurasa wa Windows unaoonyesha kila uzi ndani ya kisanduku chake. Visanduku 28 vikapangana kwenye skrini. Viwili vilikuwa vimejaa mpaka juu. Vitatu au vinne vilikuwa vinapanda na kushuka. Vilivyobaki vyote mstari umelala chini, kimya, kama ziwa alfajiri. Nikaweka kidole kwenye kile kilichojaa, nikamwambia: gemu yako inamsubiri huyu mmoja, na wenzake hawana namna ya kumsaidia.

Wengi wenu mmesimama pale Kibirizi boti inaposhusha mzigo. Chukulia boti imekuja na madumu 200 ya mawese. Ukiwa na wachukuzi 14 wa nguvu za kawaida, watamaliza kabla ya wachukuzi 4 wenye nguvu sana. Kila mtu anabeba dumu lake, hakuna anayemngoja mwenziwe. Sasa chukulia juu ya madumu yale imelazwa injini moja nzito, ubao wa kushukia ni mwembamba unapitisha mtu mmoja, na madumu hayatoki mpaka injini ishuke. Hapo wachukuzi 14 hawakusaidii kitu. Unamtaka mmoja anayeweza kuibeba injini ile na kushuka nayo upesi.

Gemu nyingi ndivyo zilivyo. Kuna kazi moja ya msingi, inayopanga nani yuko wapi, mpira umegusa nini, kadi ya grafiki ichore nini, na kazi hiyo inakaa kwenye uzi mmoja au michache. Kazi nyingine zinagawanyika, na waandishi wa gemu wamejitahidi sana miaka hii kuzigawa, lakini ile ya msingi bado ni injini juu ya ubao. Xeon ile, kiini kimoja kikipandishwa mpaka mwisho, inafika gigahezi 3.3, yaani mapigo bilioni 3.3 kwa sekunde. Ile i3 inafika 4.3. Na gigahezi peke yake haisemi yote, kwa sababu kiini kilichobuniwa miaka mingi baadaye kinafanya kazi kubwa zaidi katika kila pigo. Ndiyo maana namba hizo huwezi kuzilinganisha kati ya prosesa za vizazi tofauti ukadhani umejua kitu.

Sikilizeni ilivyoisha. Mashine ile tulimuuzia dada mmoja hapa Mwanga anayepiga na kuhariri video za harusi. Usiku anaiachia mashine izalishe video ya saa tatu, asubuhi anaikuta tayari. Kazi ile ni madumu matupu. Visanduku vyote 28 vinajaa, na pale ile i3 ya binamu haioni ndani. Dada yule anaipenda mashine yake mpaka leo, na kijana wa Gungu naye kwa pesa aliyopata akajenga nyingine ndogo, sasa anacheza. Prosesa hazikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni saa ngumu ya mtu anayeitumia.

Kwa hiyo kabla hujauliza Intel au AMD, zile kampuni mbili zinazotengeneza prosesa, kaa chini na kalamu uandike saa yako ngumu. Usiandike siku yako ya kawaida. Kuandika barua, kusikiliza muziki, kuangalia video, hata prosesa ya miaka kumi iliyopita inafanya. Andika ile saa moja katika wiki ambayo unaiomba mashine kila kitu: labda ni Jumamosi usiku, unacheza gemu ya vita na wenzako, mnaongea kwenye Discord, unarekodi mchezo wako, na kivinjari kina kurasa 30 ulizozisahau wazi. Prosesa inanunuliwa kwa ajili ya saa ile. Ikiimudu, saa nyingine zote ni mteremko.

Kisha tazama skrini uliyonayo. Skrini ya hezi 60 inabadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Maana yake prosesa na kadi ya grafiki wana takriban milisekunde 16.7 za kuandaa kila picha. Ukiwa na skrini ya hezi 144, muda huo unashuka mpaka milisekunde 6.9 hivi. Ni tofauti kubwa mno. Mtu mwenye skrini ya 60 anayenunua prosesa ya kufukuza fremu 200, yaani picha 200 kwa sekunde, ananunua picha asizoweza kuziona. Na ukipandisha ubora wa picha, ukatoka 1080p kwenda 1440p au 4K, mzigo unaoongezeka unamwangukia zaidi kadi ya grafiki. Kwa wachezaji wengi hapa, ukibakiwa na laki moja mkononi na hujui uitupe wapi, itupe kwenye kadi.

Sasa hili la kufanya mambo mengi kwa mpigo, ambalo ndilo linalowapoteza watu wakanunua viini kama wananunua dagaa kwa kopo. Programu iliyofunguliwa tu bila kufanya kitu haimsumbui prosesa. Inakaa kwenye RAM. Kurasa 30 za kivinjari zinakula RAM. Ukiwa na GB 8, mashine itaanza kuhamisha vitu kwenda kwenye diski na kurudi, utaona inaganda, utamlaumu prosesa bure. Weka GB 16 kwa vipande viwili vya 8, na kama unahariri video weka 32. Nasisitiza vipande viwili, kwa sababu kipande kimoja kinaipa prosesa njia moja ya kuchukulia data na viwili vinaipa njia mbili.

Na kurekodi mchezo? Zamani kurekodi kulihitaji prosesa yenyewe ifanye kazi ya kusimba video, yaani kuibana iwe faili dogo, na hapo ndipo watu walipojifunza kusema "nunua viini vingi." Kadi za NVIDIA tangu mwaka 2012 zina sehemu yake maalumu ya kusimba video, inaitwa NVENC, na AMD na Intel nao wana zao. Ukiingia kwenye programu ya kurekodia ukachagua kadi ndiyo isimbe, prosesa inabaki na kazi ndogo sana. Nimewaona vijana wakihangaika kutafuta prosesa ya viini 12 wakati jibu lilikuwa kubonyeza mara mbili kwenye mipangilio.

Kwa hiyo kwa gemu pamoja na hizo kazi za pembeni, viini 6 vya kisasa vyenye nyuzi 12 vinatosha watu wengi. Nasema hivyo bila kuyumba. Viini 8 ukihariri video mara kwa mara au ukitaka kukaa na mashine miaka mingi bila kuigusa. Zaidi ya hapo ni kwa mtu ambaye kazi yake ni madumu kila siku.

Kuna kitu kingine kwenye prosesa ambacho watu hawakiulizi, nacho ni kashe. Mmewaona mama zetu wanaokaanga migebuka kule ufukweni. Chumvi, ndimu, unga, vyote viko kwenye beseni mbele yake, mkono unafika bila kuangalia. Hebu fikiri kila akitaka chumvi ainuke aende duka la Mwanga. Mikono yake ni ileile, ufundi wake ni uleule, lakini foleni ya wateja itafika majini. RAM ni lile duka. Kashe ni lile beseni. Prosesa yenye kasi kubwa na beseni dogo inatumia muda mwingi ikitembea kwenda dukani.

AMD walilitambua hili, na Aprili 2022 wakatoa Ryzen 7 5800X3D. Walichukua prosesa ya viini 8 yenye kashe ya MB 32 na kuibandikia juu kashe nyingine ya MB 64, jumla 96. Gigahezi zake zilikuwa ndogo kuliko za nduguye asiye na kashe ile, na bado kwenye gemu nyingi ikamshinda. Ikafuata 7800X3D mwaka 2023, kisha 9800X3D mwishoni mwa 2024. Kwa gemu hizi ni prosesa bora kabisa, na ukiona herufi X3D ujue unalipia beseni. Lakini 7800X3D ilitoka kwa dola 449, na Ryzen 5 7600 ya familia ileile kwa dola 229. Tofauti ile inabadilisha daraja la kadi ya grafiki. Mtu mwenye kadi ya wastani na skrini ya hezi 60 akiniomba X3D, namwambia mdogo wangu, subiri kwanza.

Naomba nikae kidogo kwenye herufi nyingine, F. Ndiyo inayowaumiza watu wa Kigoma kuliko wa Dar es Salaam, na duka halikuambii.

Core i5-12400 na Core i5-12400F ni mapacha: viini 6, nyuzi 12, kasi ileile. Tofauti ni kwamba yenye F haina sehemu ya grafiki ndani yake. Bila kadi ya nje, skrini inabaki nyeusi. Kwa kuwa yenye F ni rahisi kidogo, na kwa kuwa mchezaji atanunua kadi tu, ushauri unaouona kila mahali ni kuchukua F. Ushauri huo ni mzuri kwa mtu ambaye kadi ikifa leo, kesho anapanda daladala anaenda Kariakoo kununua nyingine. Sisi hapa tuko mwisho wa reli. Kutoka Dar es Salaam mpaka kituo chetu pale chini ni zaidi ya kilomita 1,200. Kadi ikifa unatafuta pesa, unatafuta mtu wa kukununulia, unangoja basi au treni, na ikija na hitilafu unaanza upya.

Masika iliyopita kadi ya mteja wangu ilikufa. Anafundisha watoto masomo ya jioni, na mitihani yote, maswali na matokeo, vimo kwenye mashine ile anayochezea gemu usiku. Prosesa ni ya F. Mashine nzima nzima, diski nzima, prosesa nzima, na hakuna hata herufi moja anayoweza kuiona. Nilimwazima kadi yangu ya kupimia, kisha mteja mwingine akaja anaihitaji, ikabidi nimchomoe diski na kumpachikia kwenye mashine ya jirani yake. Angekuwa na 12400 isiyo na F, ningechomoa kadi mbovu, nikahamishia waya wa skrini nyuma ya mazabodi, akaendelea na kazi jioni ileile. Gemu asingecheza, lakini mitihani ingetoka.

Tena kwa dada zetu na kaka zetu wa video za harusi kuna la ziada. Ile sehemu ya grafiki ya Intel ina kifaa chake cha kusomea na kusimbia video, Quick Sync, kilichoanza na prosesa zao za mwaka 2011. Unapovutavuta video ya kamera kwenye programu ya kuhariri, kinasaidia sana isikwame. Ukinunua F umekiacha dukani. Upande wa AMD mambo yako hivi: Ryzen za mfululizo wa 5000 hazina grafiki isipokuwa zenye G, kama 5600G, za 7000 za mezani karibu zote zina grafiki ndogo ya kukuonyesha skrini, isipokuwa zenye F. Na yule asiye na pesa ya kadi kabisa kwa sasa, 5600G inamfaa aanze nayo kwa gemu nyepesi huku akidunduliza, mradi aweke RAM vipande viwili, kwa sababu grafiki yake inakula kwenye RAM hiyohiyo.

Mtaniuliza, sasa wewe fundi ungenunua ipi? Nitasema waziwazi.

Mwenye mfuko mwembamba anayetaka mashine mpya, aangalie Ryzen 5 5600 au Core i5-12400. Zote viini 6, nyuzi 12, zote zinakubali RAM ya aina ya DDR4, hata ya mkononi. Mimi moyo wangu uko kwa 12400 kwa ajili ya ile grafiki ya ndani. Ila 5600 ina sifa moja nzuri: soketi yake, pale prosesa inapokaa kwenye mazabodi, ni ya AM4 na inakubali baadaye kuwekwa 5800X3D au 5700X3D ya mkononi bila kubadilisha mazabodi. Ukinunua 5600 na mazabodi ya zamani kama B450, mwombe muuzaji athibitishe BIOS, ile programu ya ndani ya bodi inayoiwasha mashine, imesasishwa. Bodi yenye BIOS ya zamani haiitambui prosesa hiyo, inawaka taa na feni, skrini haitoi kitu, na wewe uko Kigoma umeshika prosesa nzima ukiidhania mbovu.

Mwenye uwezo zaidi aende AM5, soketi iliyotoka Septemba 2022, achukue Ryzen 5 7600. Inataka DDR5 tu, hakuna mjadala, kwa hiyo jumlisha gharama ya RAM mapema. Faida yake ni kwamba ukishaweka mazabodi nzuri leo, miaka ijayo unabadilisha prosesa peke yake, kama watu wa AM4 walivyofanya kuanzia Ryzen za kwanza za 2017. Kwa mtu aliye mbali na maduka, kubadilisha kitu kimoja badala ya vitatu ni jambo kubwa.

Kwa wenye kompyuta zilizotoka maofisini Ulaya, zile za Core i5 na i7 za kizazi cha nne: Microsoft walisimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel kuanzia kizazi cha nane au Ryzen kuanzia mfululizo wa 2000. Kama unanunua leo ya mkononi, usishuke chini ya hapo. Na Core i7 au i9 za kizazi cha 13 na 14 zenye herufi K mwishoni mwa jina, za mkononi, ziangalie kwa uangalifu. Mwaka 2024 Intel wenyewe walieleza kwamba prosesa za mezani za vizazi hivyo zilikuwa zikiomba volti kubwa kupita kiasi na kuchakaa mapema. Kuanzia Agosti wakatoa marekebisho yanayoingia kwa kusasisha BIOS, wakaongeza na miaka 2 ya udhamini. Marekebisho yanaikinga iliyo nzima. Iliyokwisha kuchakaa hayaiponyi.

Joto. Vipimo vingi mnavyoviona kwenye video vimefanyika kwenye chumba cha nyuzijoto 21 au 22, chenye kiyoyozi. Chumba chako cha mabati saa nane mchana ni nyuzi 30 na kitu. Hizo nyuzi nane au tisa zinaongezeka zote juu ya prosesa. Core i9-14900K inaruhusiwa na Intel kula mpaka wati 253 ikipandishwa. Sijui utaipoza na nini hapa. 12400 kiwango chake cha juu ni 117, na 5600 inakula pungufu ya hapo. Prosesa ndogo hazichagui feni, hazipigi kelele, na umeme ukikatika UPS ya kawaida, ile betri ya akiba, inakupa dakika za kufunga kazi zako kwa utulivu. Wengi hapa mnaikumbuka miaka ya majenereta, mnajua kilichowapata watu waliochomeka mashine ukutani moja kwa moja. Pawa saplai nzuri na UPS vinakuja kabla ya kiini cha saba na cha nane.

Jambo la mwisho ni la mikono. Prosesa za AM4 zina pini 1,331 chini yake, nyembamba kama nywele. Kuna siku nilikuwa natoa feni ya mteja baada ya mashine kulala wiki mbili bila kuwashwa. Pesti, ile dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na feni, ilikuwa imekauka imeshika. Nikavuta feni juu moja kwa moja, prosesa ikang'oka nayo kutoka kwenye soketi ikiwa bado imefungwa, na ilipodondoka mezani pini tisa za pembeni zikalala. Nilikaa karibu na dirisha tangu saa nne mpaka adhuhuri, wembe mwembamba mkononi, naiinua moja moja, naangalia mstari kwa jicho moja, napumzika, narudi. Ilipona. Tangu siku ile, kabla ya kutoa feni naiwasha mashine dakika kumi ipate joto, pesti ilainike, kisha nazungusha feni kushoto na kulia taratibu mpaka nisikie imeachia, ndipo nainua. Kwa Intel za sasa na AM5 pini ziko kwenye mazabodi, kwa hiyo hatari imehama; pale usiguse soketi kwa kidole, na kile kifuniko cha plastiki usikitupe, kwa sababu siku ukirudisha bodi Dar es Salaam bila kifuniko, pini zitalala njiani.

Na ukinunua prosesa ya mkononi, usilipe mpaka uione ikifanya kazi. Washa, fungua programu ya CPU-Z usome jina kamili na idadi ya viini, maana juu ya bati la prosesa mtu anaweza kuandika chochote. Kisha ipe mzigo mzito nusu saa huku ukisoma nyuzi za joto. Muuzaji mkweli atakuvumilia hiyo nusu saa, na atakuwekea hata kiti.

Kuna mdogo wetu pale nyuma, mwenye fulana ya kijani, amekuja na boksi lake jipya la prosesa ambalo hajathubutu kulifungua tangu juzi lilipofika na basi. Njoo mbele, mdogo wangu, njoo na mazabodi yako. Mliokaa chini sogeeni mwone, lakini msiegemee meza. Kwanza nawa mikono ukauke kabisa. Halafu shika prosesa kwa kingo zake, hivi, vidole viwili, na tafuta ile pembetatu ndogo ya dhahabu kwenye kona. Umeiona? Sasa tafuta mwenzake kwenye soketi.